Jiwe la Mlinzi

Kituoni walimwita Msumari, na wala hawakumficha. Jina alilipata kwa sababu akishagongwa mahali hang'oki, hata mbao ipasuke. Asubuhi ile mkuu wake alikuwa amejaribu kumng'oa.

"Faili limeiva," alimwambia. "Mtuhumiwa tunaye, ugomvi una mashahidi, mtaimbo tumeukuta uvunguni kwake. Kesho anasomewa shitaka la mauaji. Unatafuta nini tena, Inspekta?"

"Natafuta ule unga mweupe, afande. Daktari ameukuta kwenye jeraha la marehemu. Mtaimbo wa Fundi Redio una udongo mwekundu mtupu."

"Ukuta wa makaburi umepakwa chokaa. Marehemu aliugusa akianguka."

"Ukuta uko mbali na alipoangukia."

Mkuu akamwangalia kwa jicho la mtu aliyeanika nguo akaliona wingu. Mwisho akampa mpaka jioni, tena kwa shingo upande.

Ndiyo maana jua halijapanda sawasawa, Msumari alikuwa langoni mwa makaburi ya kanisa la zamani. Konstebo wake, mtu wa miraba minne anayeogopa kaburi kuliko bunduki, alibaki nje akisingizia kulinda gari, kana kwamba kuna mwizi angelitaka gari lile.

Kanisa lenyewe wakoloni walilijenga kwa mawe ya kuchonga. Kengele waliileta kwa meli, viti vya mbele wakajiwekea wao, na wenyeji wakapewa viti vya nyuma karibu na mlango, mvua inapopiga. Hata kufa kulikuwa na madaraja. Nyuma ya kanisa walizungusha ukuta. Ndani ya ukuta walizikwa wao, chini ya marumaru iliyotoka kwao; nje ya ukuta walizikwa waliobeba mawe kichwani. Babu yake Fundi Redio ndiye aliyekuwa mwashi mkuu wa jengo lile. Alizikwa nje, msalaba wake ulikuwa wa mti, mchwa wakaula, na leo hakuna anayeweza kusema amelala wapi.

Mjukuu alikuwa akimtafuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, lakini kila alipopata nafasi alikuja na mtaimbo kuchokoachokoa udongo nje ya ukuta akitafuta matofali ya kaburi, na kila alipokuja mlinzi wa kanisa alimfukuza. Mara ya mwisho walifokeana mbele za watu. Kijana akasema atauangusha ukuta ule pamoja na yeyote atakayesimama mbele yake. Kesho yake mlinzi akakutwa ndani ya ukuta, kifudifudi, kisogo kimepasuka. Ulimi uliponza kichwa. Mjane wa mlinzi alisimama kituoni akamwapiza kijana yule hadharani, akataka anyongwe, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Msumari aliingia ndani ya ukuta, akafuata njia ya changarawe mpaka pale mwili ulipokutwa. Alikuwa amefika hapo mara mbili tayari. Safari hii hakuangalia chini. Alisimama tu, akaangalia mawe.

Yote yalikuwa yamempa kisogo. Migongo mitupu, safu kwa safu, yenye madoa ya kuvu. Kusoma jina lolote ilibidi uiache njia, uingie kwenye nyasi, uzunguke mpaka upande wa pili. Yote, isipokuwa moja. Lile ambalo mlinzi alianguka miguuni pake lilikuwa linaitazama njia. Alilisoma bila hata kuinama: kaburi la daktari mmoja wa jeshi, na maneno ya kumwomba Mungu amrehemu.

"Umekula?"

Aligeuka. Alikuwa shangazi yake, dada wa baba, anayefua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu kanisani hapo tangu Msumari hajazaliwa. Alikuwa na beseni kiunoni.

"Shikamoo, Shangazi. Niko kazini."

"Marahaba. Tumbo nalo liko kazini. Unatafuta nini kwa wafu, wakati aliyeua mmemfunga?"

"Shangazi, kwa nini mawe haya yanampa kisogo mtu anayeingia?"

Shangazi akatua beseni. Swali kuhusu kanisa lake lilikuwa halimpiti hivihivi.

"Hayakupi wewe kisogo. Yalikuwepo kabla ya hilo lango. Hawa waliwalaza watu wao miguu mashariki, ili siku ya kufufuliwa wakiinuka walione jua, na maandishi wakayaelekeza huko huko. Lango la zamani lilikuwa upande ule wa mashariki, la kwenda nyumbani kwa Bwana Mkubwa. Sisi hatukuruhusiwa hata kulisogelea. Walipoondoka, wazee wakaliziba kwa matofali, wakafungua hili la barabarani. Ndiyo ukiingia sasa unapokewa na visogo. Tumeshazoea. Na nani atakuja kusoma? Ndugu zao wako ng'ambo."

"Na huyu daktari, kwa nini ametugeukia?"

Shangazi akatazama jiwe. Akatazama jirani zake. Akakunja uso.

"Huyo kageuka lini?"

Msumari alimwita Konstebo, na kwa kuwa sauti yake haikuacha nafasi ya udhuru, Konstebo akaja, akikanyaga kwa vidole.

"Nipe chupa yako ya maji."

"Afande, haya ni ya kunywa."

"Nayo yatanywewa. Angalia."

Alimimina maji kwenye jiwe la jirani. Yalitiririka juu ya marumaru mpaka chini, jiwe likabaki jeupe vilevile. Alimimina kwenye jiwe la daktari. Maji yakanyonywa, na doa jeusi likatambaa taratibu juu ya herufi.

"Saruji," alisema. "Imechanganywa na chokaa na unga wa marumaru, ikasuguliwa vizuri. Ukipita haraka hujui."

"Basi marumaru yenyewe iko wapi?" aliuliza Konstebo.

"Hilo ndilo swali mlinzi alilouliza, nadhani."

Walizunguka makaburi yote. Ndani kabisa, kwenye miiba ambako hakuna mtu aingiaye, walikuta mawe mengine yanayokunywa maji. Kila lililokunywa lilikuwa limeigeukia njia. Konstebo alisahau kuogopa, akawa anamimina mwenyewe, na maji yalipokwisha akaenda kuchota mengine kwenye bomba la kanisa bila kuambiwa.

"Mwizi gani huyu, afande?" alisema. "Anajisumbua kutengeneza jiwe jingine, anachonga maneno yaleyale, halafu anakosea kuliweka?"

"Hakukosea. Ameliweka anavyoyaweka yote, lisomeke na mpita njia. Mimi na wewe tungelirudisha lilivyokuwa, kwa kuogopa. Huyu mkono wake umeshazoea, haukumuuliza."

Katika ofisi ya kanisa waliwakuta Mchungaji na Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wakiwa wameinamia ramani ya ukumbi mpya. Mchungaji alikuwa mwembamba, mwenye haraka ya kukubali lawama hata zisizo zake. Mwenyekiti alikuwa mkandarasi, na lori lake la mchanga lilionekana dirishani.

"Mchungaji, nani huingia ndani ya ukuta?"

Mchungaji alimwangalia Mwenyekiti kabla ya kujibu. Msumari aliliona hilo.

"Mlinzi tu. Na... tulitaka kuyahamisha, Inspekta. Makaburi yale. Ukumbi hautoshi bila kiwanja kile. Tulikuwa bado hatujawaambia waumini."

"Mlinzi alijua?"

"Alijua," alidakia Mwenyekiti. "Akapinga. Alisema amepewa wafu awalinde, hakupewa awahamishe. Lakini mtu kupinga si sababu ya kumuua. Kama unanishuku, sema nikusikie."

"Majirani waliliona lori lako langoni siku alipofokeana na Fundi Redio. Linafaa kubebea marumaru."

Konstebo akasogea mlangoni. Mwenyekiti aliona, akacheka kidogo bila furaha.

"Lori ni langu, dereva hakuwa wangu siku hiyo. Nilimwazima Mwalimu wa kwaya. Huwa namwazima. Kuna mawe ya kaburi yalikuwa yameinama, akajitolea kuyasimamisha. Kazi yake ni hiyo, kuchonga mawe ya makaburi. Hakutudai chochote, na mimi nikaona ni sadaka yake."

"Ni kweli," alisema Mchungaji, akihema. "Mtu mwema sana. Hata jiwe la marehemu amejitolea kulichonga. Marumaru, Inspekta, si saruji. Leo alasiri tukishamzika mlinzi wetu analiweka hapohapo."

Msumari alikuwa ameshafika mlangoni. Alirudi.

"Analiweka leo? Juu ya udongo mbichi?"

"Leo. Amesema hapendi mjane alale usiku mmoja bila jiwe la mumewe."

Karakana ya Mwalimu wa kwaya ilikuwa mtaa wa nyuma, uwanja wazi wenye bati upande mmoja. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti nzito ambayo ndiyo iliyoshikilia besi ya kwaya miaka yote. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Msumari hakuwa na haja ya kuuliza unga huo umetoka wapi. Mashine ya kusugulia ilikuwa bado ina joto. Jiwe lilikuwa limelala juu ya magogo mawili, limefunikwa gunia, tayari kupakiwa.

"Karibuni, karibuni. Afande, mnanikuta vumbi tupu. Leo ni siku nzito."

"Pole na msiba, Mwalimu. Nimekuja kujifunza kazi."

"Uliza."

Msumari alitembea polepole kati ya mawe yaliyopangwa ukutani. Aligusa moja, akagusa jingine.

"Haya ya saruji yana miguu ya kuchimbia chini. Yanasimama."

"Yanasimama, ndiyo."

"Na marumaru? Nimepita makaburi mapya kabla ya kuja hapa. Marumaru zako zote zinalala. Hakuna hata moja iliyosimama."

"Ni mtindo, afande. Watu wanapenda bamba la kulala. Linakaa kama kitanda."

"Unalilaza juu ya saruji mbichi?"

"Lishike, lisiibwe. Siku hizi watu hawana haya."

"Kwa hiyo mgongo wake hauonekani tena."

Mwalimu wa kwaya alichukua kitambaa, akaanza kufuta tindo iliyokuwa safi tayari. "Mgongo wa jiwe nani anauhitaji?"

"Na mteja wa kawaida, baada ya mazishi, unamwambia asubiri kwa muda gani?"

"Inategemea."

"Pale langoni kwako kuna kibao, umekiandika mwenyewe. Kinasema jiwe haliwekwi mpaka udongo ushuke, mvua ipite. Nimekisoma nikiingia. Ukiliweka mapema linazama upande mmoja, linapasuka."

"Haraka ya leo ni ya upendo, afande. Mjane ananiumiza roho."

"Fundi anayejua kwamba jiwe litapasuka, analiweka bure, leo hii, juu ya kaburi la mtu aliyekufa akiwa amesimama mbele ya jiwe lililoibwa. Haraka haraka haina baraka, Mwalimu. Naomba tuligeuze."

"Haiwezekani." Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Limeshaandikwa jina la marehemu. Likivunjika nitamwambia nini mjane? Mkitaka kulichunguza, njooni baada ya mazishi."

"Baada ya mazishi litakuwa limegandishwa."

Hapo gari dogo la mizigo likaingia uwanjani kinyumenyume. Aliyekuwa akiendesha ni shemeji wa mjane, mdogo wake marehemu, na kando yake mjane mwenyewe, amejifunga kanga nyeusi. Walikuwa wamekuja kulichukua jiwe na kuhakiki jina. Mjane alishuka taratibu. Alipomwona Msumari uso wake ukakunjamana.

"Umefuata nini huku, mwanangu? Si kesho mnampeleka yule mtu mahakamani?"

Mwalimu wa kwaya akaruka kujibu kabla ya wengine. "Mama, wanataka kulipindua jiwe la mume wako. Nimewaambia kwamba leo si siku ya kufanya hivyo. Wewe ndiye mwenyewe. Wakatalie."

Hilo lilikuwa pigo la akili, na Msumari alilijua. Hati ya upekuzi hakuwa nayo, na jiwe, kwa kuwa lilishatolewa zawadi, lilikuwa la mwanamke yule. Angeweza kulilazimisha, halafu mawakili wakalibishia mpaka Fundi Redio azeekee rumande. Akaamua kusema ukweli wote, kwa lugha nyepesi.

"Mama, sikufichi. Mumeo hakuuawa kwa sababu ya ugomvi na kijana. Nadhani alimkuta mtu anaiba mawe ya makaburi aliyokuwa anayalinda. Marumaru ya zamani inang'olewa, inawekwa ya saruji badala yake. Ile ya zamani inageuzwa, inachongwa jina jipya upande wa nyuma, inalazwa na kugandishwa. Kama nimekosea, upande wa pili wa jiwe hili utakuwa mtupu, na nitakuomba radhi mbele ya msiba mzima. Jiwe ni lako. Ukisema hapana, naondoka."

Shemeji alifungua mdomo, mjane akamzuia kwa mkono. Alilisogelea jiwe, akalifunua gunia. Jina la mumewe lilikuwa limechongwa vizuri sana, herufi zimepakwa rangi ya dhahabu. Alipitisha kidole juu yake mpaka mwisho.

"Zuri," alisema. Kisha akamtazama Mwalimu wa kwaya. "Umelitoa wapi, mwalimu wangu?"

"Nilinunua, mama."

"Kwa nani?"

Mwalimu wa kwaya akalivuta gunia kulifunika jiwe tena.

"Ligeuzeni," alisema mjane.

Konstebo na shemeji walishika upande mmoja, Msumari akashika mwingine. Lilikuwa zito. Waliliinua, likasimama wima kwenye magogo, na jua likapiga upande wa nyuma. Cheo cha daktari wa jeshi kilikuwa pale, na jina lake, na maombi yake ya kurehemiwa, yaleyale aliyoyasoma asubuhi kwenye saruji. Kwenye mikunjo ya herufi za zamani bado kulikuwa na kuvu ya kijani.

Msumari alichukua nyundo kubwa iliyokuwa chini ya meza, akaitazama pale mpini unapoingia kwenye chuma, akaifunga kwenye mfuko. Unga mweupe ulikuwa umejaa kwenye ufa wa mpini, na chini ya unga kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka. Daktari aliyempima marehemu angesema ni nini. Mwalimu wa kwaya aliiangalia nyundo ikifungwa, akaketi juu ya jiwe moja la saruji.

"Alilikalia," alisema, na sauti yake ya besi ilikuwa imekwisha kabisa. "Nilikuwa nimeshaling'oa. Akaja, akaketi juu yake, akasema nitamwondoa yeye kwanza. Nilimbembeleza. Nikamwambia hawa si wetu, walitukataza hata kupita langoni kwao, nani atawalilia. Akasema aliyekufa hana adui, na yeye amepewa kazi. Akaanza kuita watu."

"Akainuka?"

"Alipoinuka kuita watu... ndipo."

Konstebo alimfunga pingu. Mjane alikuwa hajaondoa macho kwenye jiwe.

"Mume wangu alikuwa analilinda jiwe hili," alisema, "na wewe ulitaka limlalie kifuani mpaka kiyama. Mimi nikushukuru. Juzi nilipiga goti mlangoni kwako kukushukuru."

Mwalimu wa kwaya aliinamisha kichwa. Shemeji alipiga hatua kumwelekea, Msumari akasimama katikati, akamshika kifua mpaka akatulia. Mjane alilia kidogo, kilio kifupi, kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akamgeukia Msumari.

"Yule kijana. Fundi Redio. Amekula leo?"

Msumari alifikiria. "Sijui, mama. Dada yake humletea, lakini jana walimrudisha langoni. Watu wamekuwa wakimtupia maneno."

"Maneno yangu."

Mjane akajifunga kanga upya.

"Anaweza kutoka leo?"

"Nikimfikishia mkuu wangu jiwe hili, nyundo hii na huyu mtu, hana sababu ya kumshikilia. Ila kuna karatasi za kusaini, itachukua muda. Wewe una mazishi, mama. Nenda. Nitamtoa mimi."

"Mazishi yatasubiri," alisema mjane. "Marehemu hana haraka tena. Nilimwapiza mtoto wa watu mbele ya umati, mlangoni kwenu, kwa sauti ambayo mji mzima uliisikia. Huwezi kumtoa kwa mlango wa nyuma halafu mimi nikaenda kuimba nyimbo za maziko." Akamgeukia shemeji yake. "Nenda nyumbani, waambie wanisubiri. Wapike. Waambie kuna mgeni atakaa na wafiwa, mbele, kwenye viti vya ndugu."

Shemeji alisita. "Na jiwe?"

"Lirudi kwa mwenyewe. Mume wangu atawekewa msalaba wa mti."

Akalipanda gari la polisi mwenyewe, kiti cha mbele, bila kusubiri kufunguliwa mlango. Mwalimu wa kwaya aliwekwa nyuma na Konstebo. Msumari aliwasha injini, nayo kwa mara ya kwanza wiki ile ikakubali mara moja, wakashika njia ya kituoni kumtoa Fundi Redio.